Darubini ya Nguchiro

Mwewe alipomnyakulia kifaranga, Kanga alimwendea Nguchiro kununua darubini ya mtumba.

“Hii ni halisi, mama,” Nguchiro alijisifu. “Tazama nembo yake! Mwewe akiwa kilima cha pili, utamwona hadi kucha.”

Ghafla Kanga akapiga ukelele. “Mwewe! Kule kilimani!”

Nguchiro aliibwaga darubini, akakodoa macho matupu kuelekea kilimani.

“Hakuna mwewe,” Kanga akasema. “Lakini darubini yako hata wewe huiamini, sembuse mimi?”

Akaenda kwa Kobe, aliyekuwa akiuza yake yenye mikwaruzo.

“Jicho la kushoto lina ukungu kidogo, dada,” Kobe alimwambia. “Jionee kwanza.”

Kanga akachungulia. Ng’ambo ya mto aliwaona wanawe waliosalia wakidonoa mchwa, wote salama. Akainunua, akarudi kwao akiimba.