Pengo Kibanjani

Mgomba wa mia mbili na kumi na mbili: majirani sita. Yustus aliandika, akafuta jasho, akarudi kulitazama lile pengo katikati ya kibanja, shamba la migomba la baba yake, ambaye Yustus aliporudi kutoka Ulaya alimkuta ameshafariki.

Pengo moja tu, nalo lilikuwa linamnyima usingizi.

Alikuwa mtu wa hesabu za mwanga. Huko Ulaya, mwale ukipenya mvuke na kurudishwa na kioo, hugawanyika kuwa madoa, kila doa na majirani sita. Mlinganyo wake ulidai kwamba vyote vinavyogombea nafasi hujipanga hivyo, hata migomba, na pengo lolote hujiziba. Jarida la sayansi lilishamkatalia makala yake mara mbili. Lilitaka mfano hai. Asipoupeleka mwezi huo, kibarua chake chuoni kingeota nyasi.

Ndiyo maana mwaka 1991 alirudi kijijini kwao, Isingiro. Tuseme ukweli, hakuja kusalimia.

Na nyumbani napo palimchosha. Joviana, jirani yao wa siku zote, alipomwona alirudi nyuma hatua tatu, akafanya ishara ya msalaba. Mama yake, Kemilembe, alimpapasa uso kwa muda mrefu, kisha akaketi chini. Tangu hapo, kila alipoulizwa habari za pengo alijibu, "Kula kwanza."

Siku ya nne Yustus alichukua jembe.

"Mama, hapa chini pana mwamba?" Mwamba ungemwokoa. Juu ya mwamba mgomba hauoti, na mlinganyo ungepona.

"Hapana mwamba."

"Basi baba alikosea wapi?"

"Hakukosea. Paache, mwanangu. Nimechoka."

Hata yeye alikuwa amechoka, miaka kumi na miwili Ulaya na karatasi zilezile. Alisubiri mama aingie jikoni, akachimba.

Jembe halikugonga mwamba. Lilinasa kwenye blanketi la Yustus la zamani la shuleni, lenye namba aliyoishona kwa mkono wake. Ndani mlikuwa na gogo la mgomba lililooza, limefungwa kamba mara tatu: juu, katikati na chini.

Aligeuka. Mama alikuwa amesimama nyuma yake.

"Miaka yote hiyo, Yustus, hata barua moja hatukupata. Tukajua umekufa," alisema. "Baba yako akakataa mtoto wake akose kaburi la kwao, hata bila mwili. Hapo ndipo tulipokuzika."