Kilichofutwa Ijumaa

Siku ile mjinga alikuwa Fredi, tuliseme mapema tusisumbuane. Ila saa tatu asubuhi alikuwa bado hajajijua, na alisimama mbele ya meza ya mkuu wa kituo akiwa amechomekea vizuri.

"Takwimu za ubwiri unga, mashamba ya Mpapura, misimu mitatu," alisema. "Zimefutwa Ijumaa. Kazifuta Salma."

Mama Rebeka, mkuu wa kituo, alikuwa na barua ya Fredi mezani, yenye tarehe ya leo, Jumatatu. Kilikuwa kituo kidogo cha utafiti wa korosho na magonjwa yake, ubwiri unga ukiwamo, nje ya Mtwara, na mwaka ule wa 2004 kilikuwa na kompyuta kubwa moja iliyotunza kila kitu. Barua ikisainiwa tu, Salma anarudi kwao Mpapura kupalilia mihogo.

Salma, karani wa takwimu, alikaa kwenye kiti cha wageni, mikono juu ya magoti.

"Uliniambia nifute rasimu za zamani, Bwana Fredi. Folda ulinitajia wewe."

"Nilisema rasimu. Sikusema jasho la watu."

Akaigeuza skrini. Mashine hukumbuka amri zilizoandikwa, na ya Salma ilikuwapo: rm, na majina ya faili tatu nyuma yake.

"Rm ni kufuta, Mama. Hapa ukishafuta umefuta, hakuna cha samahani."

"Iulize kwanza rm ni nini," Salma akasema.

Fredi akacheka kwa upole, kama mtu aliyeulizwa na mtoto iwapo samaki hulala. Yeye ndiye fundi wa mashine hiyo, mwezi wa nne sasa tangu ahamishwe kutoka Dodoma. Akaandika which rm. Mashine ikajibu: /bin/rm.

"Umeiona? Hiyo hapo, nyumbani kwake."

"Hapo umeuliza inakaa wapi. Hujauliza ukiiita anakuja nani."

Salma akaomba kibodi, akaandika type rm. Mashine ikajibu:

rm is aliased to 'mv -t /jalala'

"Mzee Gaudensi, fundi aliyekutangulia, alichoka kulia pamoja na sisi kila faili ikifutwa kwa bahati mbaya," Salma alisema. "Akaipachika mv jina la rm, kwa kila mtumiaji. Shell, hii inayopokea amri zetu, huangalia majina ya kupachikwa kwanza, ndipo iende kutafuta mwenye jina lake. Kwa hiyo ukiita rm inakuja mv, ile ya kuhamisha. Inabeba mzigo wako inaupeleka jalalani."

Mama Rebeka akavua miwani. "Kwa hiyo zipo?"

Salma akafungua folda ya jalala. Zilikuwapo, zote tatu, hazijakwaruzwa.

"Mungu mkubwa," Fredi akasema, bila furaha nyingi. "Lakini nia ni nia, Mama. Yeye alijua ameandika kufuta."

Mama Rebeka akaisogelea skrini. Alikuwa amerudisha miwani, na kidole chake kimesimama mstari mmoja chini ya zile faili. Jina: barua_salma. Mwenye faili: fredi. Tarehe: Jumanne iliyopita.

"Nifungulie na hii."

"Hiyo haihusiani," Fredi akasema, lakini Salma alikuwa ameshafungua.

Ilikuwa neno kwa neno kama ile iliyokuwa mezani, ila tarehe. Kwamba siku ya Ijumaa Salma alifuta takwimu za Mpapura. Kwamba aachishwe kazi mara moja. Kwamba nafasi yake apewe Bi Happiness, ambaye kwa sasa amefikia nyumbani kwa mwandishi wa barua.

Mama Rebeka akaisoma mara mbili, taratibu.

"Fredi. Hii umeiandika Jumanne. Ijumaa ilikuwa bado haijafika."

Fredi akaionyesha skrini kwa kidole.

"Lakini hiyo niliifuta, Mama."

"Hata mimi zangu nilizifuta, Bwana Fredi," Salma akasema.