Dirisha la Paani

Mwanaheri alikuwa bado edani, kwa hiyo shemeji yake Kitwana alimleta fundi mpaka uani, akaegesha pikapu ya marehemu mbele ya dirisha la mjane, makusudi, apate kuona vizuri.

"Toboa hapa, fundi. Nataka dirisha la paani, nikipita mjini watu wakione kichwa changu."

"Shemeji," Mwanaheri aliita kutoka ndani, "mirathi haijagawanywa. Gari hilo ndilo linalowalisha watoto wa kaka yako."

"Mwenye eda hapazi sauti mbele ya wanaume. Na likishapata dirisha, nani atasema ni la marehemu?" Kitwana alicheka. "Kipande cha bati tutakuletea, ukaangie chapati."

Fundi alibandua kitambaa cha paani kwa ndani, akatoboa matundu kwenye kona, akawasha grenda. Bati likalia. Mwanaheri alisikiliza kidogo, kisha akafungua mlango ambao hakuwa ameuvuka tangu mazishi. Alipita katikati ya wanaume na nguo zake nyeupe, akaingia kwenye pikapu, akajifungia, akakaa kwenye kiti cha dereva.

Fundi akazima mashine. "Bosi, mama yumo ndani."

"Namwona. Kata."

"Cheche zitamwangukia."

"Si atatoka mwenyewe? Kata, au nimwite fundi mwingine."

Fundi alimtazama Mwanaheri kupitia kioo cha mbele. Mwanaheri alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili. Fundi akashusha miwani machoni, na juu ya kichwa cha mjane ukaanza kufunguka mstari mwembamba wa jua.