Namba Tasa

Darasa zima lilikuwa likihangaika kugawanya 10,007 ubaoni, midomo imewakauka kwa baridi ya Igowole. Kila walichojaribu kiliacha baki.

Mwalimu Evarista alisikia kitu cha uvuguvugu kikimteremka pajani. Hakutazama chini. Tangu aambiwe kuna mimba, mama mkwe alikuwa ameacha kumwita lile jina, na jana tu alimletea togwa.

"Mwalimu, imekataa zote," alisema msichana aliyeshika chaki. "Inagawanyika kwa moja na kwa yenyewe tu. Ni tasa."

"Tasa!" darasa likaitikia.

Soksi nyeupe ya mwalimu ilikuwa imeshaanza kuwa nyekundu. Evarista akaishika meza kwa mikono miwili.

"Siyo tasa," alisema. "Futa. Gawanyeni upya."