Kitufe Badala ya Kiki

Siku Baba Pacha alipoifungua kiki ya pikipiki yake na kuitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu, mkewe alisimamisha cherehani.

Alikuwa ameketi mbele ya dirisha linalotazama ua wa nyuma, na kwa mwezi mzima alikuwa akiona mambo asiyoyaelewa. Pikipiki ile ilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita. Mumewe aliiendesha enzi zote za kusoma mita za maji, na siku zote aliiwasha kwa teke moja, kwa maringo, kama mtu anayefukuza kuku. Mafundi walipomshauri aweke stata, aliwacheka na kuwaambia kitufe ni cha kengele ya mlangoni. Leo alikuwa ameketi kwenye kigoda, akifunga stata aliyoinyofoa kwenye pikipiki mbovu ya jirani.

Alipomuuliza sababu, alijibu kwamba mambo hubadilika, akaomba spana namba kumi na mbili.

Mama Pacha alimpa spana, akarudi kwenye nguo za watu, lakini moyo haukurudi naye. Ni nani huyo asiyeweza kupiga kiki?

Wiki iliyofuata ikawa zamu ya gia. Baba Pacha aling'oa pedali iliyokuwa ikikanyagwa kwa mguu, akaunganisha ufito mrefu wa chuma mpaka karibu na tangi, ili gia ibadilishwe kwa mkono. Pikipiki haikukubali. Gia ya kwanza iliingia, ya pili ikagoma. Alipoilazimisha, injini ilizima, na kitufe kikabaki kulia tik, tik, bila kuzungusha kitu. Alisafisha plagi, akapuliza kabureta, kisha akafuata waya mmoja mmoja kutoka kwenye betri mpaka akaukuta mmoja umebanwa chini ya kiti. Ufito aliukunja na kuunyoosha siku tatu. Hatimaye akamwita mkewe aje ajaribu.

"Kaa juu," alimwambia. "Washa, tia gia, rudisha. Miguu iache ining'inie."

Alifanya hivyo, na pikipiki ikatii. Mumewe akatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, na tabasamu hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alijiona anatumiwa kupimia starehe ya mwanamke mwingine, mwanamke wa gauni refu na viatu visivyotakiwa kuguswa na oili.

Hata ndani ya nyumba hali haikuwa shwari. Mwanamume ambaye kwa miaka thelathini hakujua marashi yanauzwa wapi, sasa alijipulizia asubuhi na jioni. Alihamia chumba cha pacha wao, ambao walishaolewa, akidai anasikia joto. Na bado alilala na soksi. Kila Jumatano mchana alivaa shati safi, akaondoka, akarudi jioni amenywea, hana hamu hata ya chai.

Mama Pacha alimweleza wifi yake, dada wa mumewe, aliyekuja kupunguza gauni. Wifi alisikiliza macho yake yakiwa kwenye sakafu. "Wifi yangu, mwache amalize pikipiki yake kwanza," alisema, kisha akaaga na kuliacha gauni lake mezani bila hata kulijaribu. Hapo Mama Pacha akaamini kwamba ukoo mzima unajua, na yeye ndiye wa mwisho.

Jumanne, akifua, alikuta karatasi kwenye mfuko wa suruali ya mumewe. Ilikuwa na mstari mmoja, kwa mwandiko wake mwenyewe: Mguu, sentimita 30.

Fundi cherehani hahitaji kuelezwa vipimo. Suruali ya mguu wa sentimita thelathini ni ya mtoto aliyeanza kutembea juzi. Alikaa juu ya beseni lililopinduliwa, nguo zikichuruzika mkononi. Kama ni mwanamke tu, angemvumilia, au angemfukuza. Lakini mtoto hafukuziki. Mtoto ana baba, na baba huyo anaongea usingizini katika chumba cha pili.

Siku ya pili yake alimfuata. Baba Pacha alishuka kwenye teksi katika mtaa wenye miti pande zote mbili, akatembea polepole, akisimama kila baada ya hatua chache, mpaka kwenye geti jeupe lililokuwa wazi. Mama Pacha hakusoma kibao kilichokuwa juu yake. Macho yake yalikuwa kwenye mgongo wa mumewe. Alipita ua, akapita watu waliokaa kwenye benchi, akamwona akipokewa mlangoni na mwanamke kijana aliyemshika mkono na kumwita mzee wangu.

Mlango haukufungwa vizuri. Kupitia upenyo alimwona mumewe ameketi, na yule mwanamke amepiga magoti mbele yake, anamvua kiatu taratibu, kwa mikono ya mtu aliyezoea.

Maneno aliyokuwa ameyapanga tangu asubuhi yalikuwa mengi. Aliposukuma mlango lilitoka moja tu.

"Mtoto yuko wapi?"

Baba Pacha aliinamisha kichwa. Mwanamke aliinuka, akamtazama Mama Pacha, akamtazama Baba Pacha, na uso wake ukalegea kama wa mtu aliyetuliwa mzigo.

"Wewe ndiye mke? Afadhali umefika, mama," alisema. "Kila wiki anatuambia umesafiri. Jumatatu tunaukata mguu, sentimita thelathini kutoka kisigino, na daktari hamwingizi mtu chumba cha upasuaji kama nyumbani kwake hawajui."