Mahudhurio ya Alhamisi

Binti alimwacha mzee kitini, mto mmoja mgongoni na mwingine chini ya mkono uliopooza, akatoka mbio hata kamba za viatu hajafunga.

Jirani, fundi cherehani, alikuwa amekubali kukaa na mzee kwa saa moja tu. Saa nne alikuwa na mteja wa kupimwa gauni. Sasa ilikuwa saa tatu na dakika tano. Kutoka pale hadi chuoni ni dakika ishirini kwa mwendo wa kawaida. Binti alitumia kumi na mbili.

Orodha ya watakaofanya mtihani wa mwisho ilikuwa inafungwa saa sita mchana siku hiyo, na jina lake halikuwamo. Lilikuwa limembakia somo moja lenye tatizo, la Alhamisi saa nne asubuhi. Lakini somo hilo hufundishwa mara moja kwa mwaka, na bila hilo hakuna kuhitimu. Mwaka mmoja alikuwa ameshaupoteza akimuuguza mama yake. Hakuwa na mwaka mwingine wa kutupa.

Masomo yake mengine yote yalikuwa ya jioni. Kwa wiki tatu sasa asubuhi alimtunza mzee, na kazi hiyo ndiyo iliyomweka mjini na chuoni. Alimwogesha, akamlisha, akamtembeza hatua kwa hatua hadi dirishani. Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya mzee upande mmoja wa mwili na nusu ya maneno, ila mzaha kilimwachia. Alimwita binti Profesa.

"Ukifeli," alimwambia siku moja, akilivuta kila neno kama ndoo kisimani, "tumefeli wawili."

Mwenye kauli hakuwa mzee bali mwanawe, fundi mitambo kiwandani. Hakuwa mtu mbaya. Alijua binti anasoma. Anasoma nini na wapi, hakuwahi kuuliza. Mara tatu binti alimwomba asubuhi za Alhamisi, na mara tatu akakataliwa kwa upole. Leo alimpigia tena alfajiri. Yule bwana alimsikiliza hadi mwisho, akashusha pumzi. Zamu yake haibadilishwi. Mkewe humshika mzee Jumamosi na Jumapili, siku za mapumziko ya binti, hivyo wawili hao hawajawahi kuonana, na ndiye aliyebandika jikoni karatasi ya saa za dawa, kila saa ikiwa imepigiwa mstari mara mbili. Lakini siku za kazi mama huyo hashikiki.

"Binti, mke wangu ana watu wanaomsubiri," alisema. "Siwezi kumwambia awaache kwa ajili yako."

Mlangoni kwa mhadhiri palikuwa na foleni ya wanafunzi wanne. Binti aliwaomba radhi wote kwa pamoja, akapita kabla hawajajibu.

Mhadhiri huyo wanafunzi walimwita Wembe. Alikuwa mwanamke mwembamba, nadhifu, na darasa lake la watu mia mbili na kitu alilijua kwa namba, si kwa sura. Hakuinua kichwa. Aliuliza namba ya usajili, akateremsha kidole kwenye daftari la mahudhurio, akakipata alichokitafuta.

"Sita," alisema, akaipigia mstari ile sita, mara mbili. "Kanuni ni tisa katika kumi na mbili za muhula."

Binti akaeleza, haraka haraka, jicho moja kwenye saa ya ukutani. Wembe akamjibu kwamba kila mtu ana sababu yake. Muhula huu peke yake ameshaletewa misiba ya mabibi saba, watatu kati yao wa mwanafunzi mmoja.

Saa tatu na nusu. Binti alihisi miguu inataka kuondoka bila yeye.

"Mwalimu, kama jibu ni hapana, niambie nirudi," alisema. "Yule mzee hata maji hanywi mpaka ashikwe kidevu, na niliyemwachia hajui. Akimpa vibaya atapaliwa."

Hapo Wembe akaweka kalamu chini. Akavua miwani, akamtazama msichana huyu aliyelowa jasho, kamba za viatu zikiburuzika sakafuni. Alipozungumza tena sauti ilikuwa imeshuka. Aliuliza kama huyo mzee hana watoto. Binti akasema anao. Akauliza ni mtoto gani huyo anayeshindwa kumtafutia baba yake mtu wa kukaa naye asubuhi moja kwa wiki, hata msichana wa watu akose mtihani.

"Zimebaki Alhamisi tatu, hii ya leo ikiwemo," alisema. "Sita na tatu ni tisa. Akikuachia zote tatu, jina lako naliandika sasa hivi kwa mkono wangu."

"Hataniachia, Mwalimu. Nimeomba mpaka nimeona aibu."

"Wewe umeomba. Mimi siombi."

Akamsogezea simu ya mezani ili apige yeye mwenyewe, akabonyeza kitufe cha spika wasikie wote wawili. Binti alikosea namba mara ya kwanza, akaanza upya. Wembe aliivuta ile orodha, akageuza kurasa hadi penye nafasi tupu, akashika kalamu tayari. Alikuwa bado anazungumza, nusu na binti, nusu na nafsi yake: watu wa namna hiyo anawajua, hodari wa kukanyaga maisha ya wenzao ili ya kwao yaende sawa, na leo huyu mmoja atasikia anachostahili kusikia.

Simu iliita mara mbili. Sauti iliyopokea ilikuwa ile ile ya alfajiri, ila sasa ilikuwa na furaha.

"Mke wangu, nenda ukafundishe bila wasiwasi," ilisema kabla binti hajasalimu. "Yule binti anayemtunza baba aliomba tena, nikamkatalia."