Gunia la Kufunika Mashine

Msimamizi alimtupia Khalayi gunia tupu.

"Funika hiyo mashine. Ukiifunua kabla sijasema, kesho usionekane getini."

Mashine yenyewe ilikuwa kisanduku cheupe chenye mdomo mdogo, kimewekwa kando ya ua na watu wa serikali ili kipime moshi siku nzima. Kiwanda kilichemsha oili chafu ya magari, na leseni yake ya moshi ilikuwa imeisha. Vipimo vikiwa vibaya, hakipati nyingine.

Khalayi alitazama bomba. Upepo ulikuwa umegeuka, unaelekea Mukuru kwa Njenga, kwenye mabati ya nyumba yake, ambako bintiye alikuwa amelala, kifua kikipiga mluzi tangu Jumapili.

"Nakuongelesha, mama! Ama huko darasa la nane ulikoishia hamkufunzwa kusikia?"

Vibarua wenzake wakacheka. Khalayi akachuchumaa mbele ya kisanduku na gunia likabaki chini. Masizi yalikuwa yakitua kwenye ule mdomo, laini kama unga uliosagwa mara mbili. Ubavuni palibandikwa karatasi yenye namba ya simu ya wenye mashine. Alitoa simu yake, akaibonyeza tarakimu moja moja, bila haraka.

"Unapigia nani?" Sauti ya msimamizi ilikuwa imeshuka.

"Halo," Khalayi akasema kwenye simu, macho yake hayabanduki kwa msimamizi. "Mimi hufagia hapa kiwanda cha oili. Mashine yenu imeletewa gunia la kuifunika. Aliyelileta bado amesimama hapa, njooni mumwone."